Vinundu vya viwiko havitokani na maziwa

Dadangu uliyeuliza kama umwachishe maziwa mwanao mwenye dematomayositisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi na misuli) kwa kuwa viwiko vimeota vinundu vigumu: la, usimwachishe. Ni kalsiamu kweli, lakini haikutoka kikombeni. Hujikusanya pale ngozi na misuli ilipovimba na kuwaka kwa ugonjwa huo kwa muda mrefu, ndiyo maana mara nyingi daktari huongeza dawa. Cha mpwa wangu kilipasuka kikatoa ujiuji mweupe kama chaki iliyolowa, mamake akadhani usaha. Tena prednisoloni, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, hudhoofisha mifupa, hayo maziwa anayahitaji.

Mimi kinachonitisha zaidi ni tumbo. Ni nadra, lakini ugonjwa huu huweza kuharibu mishipa midogo ya damu ya utumbo hadi utumbo ukatoboka, na prednisoloni huficha maumivu. Akilalamika tumbo, au choo kikawa cheusi, mkimbize hospitali usiku huo huo, usingoje siku ya kliniki. Maji yakimpalia au sauti ikitokea puani, vilevile.

Na jua letu hili la Mombasa huchochea ugonjwa. Kofia na mikono mirefu, hata mkivuka feri tu kwenda Likoni.