Maswali yenu: kaboni ya mti, mkaa na matope ya mikoko

Shikamoo mwalimu. Mbuyu unapata wapi uzito wote ule? Kama ni udongoni, mbona hauachi shimo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Swali hilo lilimsumbua Jan Baptista van Helmont, daktari wa Brussels, karne ya 17. Alipanda mche kwenye chungu cha udongo uliokaushwa na kupimwa, akaunywesha maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua takriban gramu 60. Akaamua kwamba mti umetokana na maji.

Kuhusu udongo alikuwa sahihi. Hewa ndiyo iliyompita, maana karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni (ndiyo sehemu kubwa ya mkaa), na majani huivuta hewani kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Kinachochekesha ni kwamba yeye mwenyewe alichoma mkaa, akaona umebaki majivu kidogo na kilichosalia kimetoka kama hewa. Alikuwa na nusu mbili za jibu mkononi, hakuziunganisha.

Mimi napikia mkaa. Miti si huota tena? Mbona lawama kwetu, wenye magari wanaachwa? (Mama lishe, Temeke)

Mama, hoja yako ina nguvu. Kaboni ya mkaa wako ilikuwa hewani miongo michache iliyopita, na miti mingi ya miombo huchipua kisikini. Ikiachwa ikakua, itaivuta tena. Ikigeuzwa shamba, au ikikatwa tena ingali michanga, deni halilipwi. Tena sehemu kubwa ya kaboni ya gogo hupotelea kwenye moshi wa tanuri kabla gunia halijafika mjini.

Petroli ni habari nyingine. Kaboni yake ilizikwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na hakuna kisiki kinachoisubiri. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanza mwaka 1958, vilionyesha kaboni dioksidi (hewa ukaa) sehemu kama 315 katika kila milioni ya hewa. Sasa zimepita 420, na sababu kuu ni mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kwa hiyo wenye magari hawajaachwa, angalau si hapa.

Nikichoma mabua shambani, si majivu ni mbolea? (Mkulima, Mbozi)

Majivu yanarudisha potasiamu na chokaa. Kaboni na sehemu kubwa ya naitrojeni zimekwenda na moshi. Yaache mabua yaoze, au yapitie kwa ng'ombe yarudi samadi. Nyingi ya kaboni hiyo bado itaondoka taratibu, wadudu na vijidudu wakila, lakini inayobaki ndiyo inayoshika maji na rutuba. Udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea vikijumlishwa.

Huku tunaambiwa mikoko inashinda msitu wa bara. Ni kweli au ni maneno ya miradi? (Msomaji, Kwale)

Ni kweli, ila usiangalie miti, angalia matope. Ukiyakanyaga yananuka yai viza, kwa sababu oksijeni haipenyi na bakteria wa humo wanatumia salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, badala yake. Katika hali hiyo mizizi na majani yaliyozikwa huoza polepole mno, na kila maji yanapojaa huleta tope jingine juu. Kaboni hukaa humo karne nyingi. Hatari ni hapo hapo: ukikata mikoko ukachimba bwawa la kufugia kamba au la chumvi, hewa inaingia, na akiba ya karne hizo inaanza kutoka.

Jirani zenu wa Gazi, kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa kijamii, wanalinda hekta 117 za mikoko na wameuza hati za kaboni (vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa, ambavyo watoa moshi hununua kufidia wa kwao) tangu miaka ya 2010, fedha zikienda kwenye maji na shule. Hati hizo haziondoi moshi wa anayezinunua. Hilo nalo lisemwe.

Watu tumezidi bilioni 8. Pumzi zetu haziongezi hewa ukaa? (Msomaji, Bujumbura)

La. Kaboni unayoitoa uliila kwenye ugali, na mahindi yaliivuta hewani msimu uliopita. Kinachoongeza ni dizeli ya lori lililoleta unga.