Muulize Mwalimu: Muswada wa kisukuku umerudi bila kupitiwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza shahada ya uzamili na nimeandika makala yangu ya kwanza, kuhusu taya la chini la mnyama wa jamii ya mamba ambalo naamini ni la spishi mpya. Niliituma kwa jarida moja la paleontolojia, yaani elimu ya visukuku, na siku ya sita muswada ukarudi. Mhariri hakuupeleka hata kwa wapitiaji, wale wataalamu wanaoukagua kabla haujachapishwa. Aliandika tu kwamba "bado haujafikia hatua ya kupitiwa". Nimevunjika moyo. Je, tatizo ni Kiingereza changu? Naambatisha muswada na picha zote.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimeusoma muswada wako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kiingereza chako kinaeleweka. Kilichourudisha kiko ukurasa wa pili, kwenye mstari ulioupita haraka: "Sampuli kwa sasa ipo katika maabara ya idara yetu."

Mhariri akifika hapo anaweka muswada chini. Unaomba dunia ipokee spishi mpya, na shahidi wako pekee ni lile taya. Shahidi huyo hana namba, hana makazi ya kudumu, na mtu akitaka kumwona miaka thelathini ijayo hajui aanzie wapi. Hili pia si suala la ladha ya mhariri. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kila jina jipya la spishi lililochapishwa kuanzia mwaka 2000 litaje waziwazi holotaipu yake, yaani ile sampuli moja inayolibeba jina, na litajiwe mkusanyiko ambamo sampuli hiyo imehifadhiwa au itahifadhiwa na mkusanyiko huo uko wapi. Ukikosa hayo, jina lako halihesabiki hata likichapwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa hiyo kabla hujagusa sentensi nyingine yoyote, peleka taya kwenye makumbusho yenye mkusanyiko wa kudumu ulio wazi kwa watafiti. Ongea na mhifadhi wa mkusanyiko, lisajiliwe, upewe namba. Namba hiyo iandike kwa namna ileile kwenye matini, jedwali, maelezo ya picha na mafaili ya ziada. Usiichape upya kila mara, inakili.

Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Katika muswada wangu wa kwanza nilipindua tarakimu mbili za namba ya sampuli kwenye maelezo ya picha. Mpitiaji mmoja alikuwa safarini, akaingia kwenye makumbusho, akaomba sampuli kwa namba niliyoandika. Droo ilipofunguliwa akakuta kipande cha gamba la kobe. Aliandika kwa upole, lakini aliandika pia kwamba sasa hana hakika na namba yoyote katika makala yangu. Ilinibidi nirudi kuhakiki sampuli zote arobaini na moja, moja baada ya nyingine, na makala ikachelewa miezi saba. Tangu siku hiyo situmi kitu kabla mtu wa pili hajanisomea namba kwa sauti huku mimi nikiangalia lebo.

Tuje kwenye maelezo yako ya taya, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukurasa wa nne umeandika: "Meno yanaonesha kuwa mnyama huyu alikula samaki." Hiyo ni tafsiri, na umeiweka katika sehemu ya maelezo. Mpitiaji hawezi kuiona "alikula samaki" kwenye mfupa. Nimelitazama jino la tatu kwenye picha zako kwa muda mrefu. Ninachokiona ni hiki: taji jembamba, refu karibu mara tatu ya upana wake pale chini, limepinda kidogo kuelekea nyuma, lina mifereji myembamba ya wima upande wa ulimi, na ukingo wake hauna vijimeno vya msumeno. Andika hivyo. Samaki waende kwenye mjadala, na huko mlinganishe mnyama wako na wanyama wengine wenye meno ya aina hiyo. Asiyekubaliana na samaki wako bado ataweza kutumia maelezo yako ya jino, hata makala ikiwa imezeeka. Nimetumia maelezo ya watu wa karne ya 19 ambao tafsiri zao zilishakufa zamani, kwa sababu walieleza mfupa kama ulivyo.

Sasa hesabu vitundu vya meno. Matini yako inasema tisa. Maelezo ya picha yanasema kumi. Sehemu ya sifa bainishi inasema "angalau tisa". Mimi kwenye picha nahesabu tisa na nusu, kwa kuwa cha mwisho kimekatwa na mpasuko. Basi sema hivyo: tisa kamili, na sehemu ya cha kumi. Msomaji hatakulaumu kwa kisukuku kuvunjika. Atakulaumu kwa kutojua umesema nini.

Sifa bainishi nazo zinahitaji kuandikwa upya kabisa. Umeandika "taya refu na jembamba, lenye meno mengi". Mamba wangapi wa kale wana taya refu na jembamba? Sifa bainishi ni zile chache zinazomtenga mnyama huyu na ndugu zake wa karibu, na unazipata kwa kumlinganisha nao mmoja mmoja, ikiwezekana kwa kuziona sampuli zenyewe. Pale unapotegemea picha zilizochapishwa, sema unategemea picha. Na ukimaliza ulinganisho ukakuta sifa inayobaki ni moja tu, tena ya ukubwa, jiulize kama si mnyama mchanga wa spishi inayojulikana. Hakuna aibu kuandika "cf.", yaani "linganisha na", au kuishia kwenye jenasi, lile kundi la spishi ndugu. Mwaka 1988 Peter Bengtson alichapisha katika jarida la Palaeontology makala fupi kuhusu namna ya kutumia alama hizo za mashaka, na wengi tunaifuata hadi leo. Kisukuku kilichoelezwa vizuri bila jina jipya kina faida kuliko jina jipya litakalokuja kufutwa.

Picha. Mwanangu, hizi picha zimeniuma, kwa sababu taya ni zuri na picha zinalidhulumu. Umepiga kwa mwanga wa kamera kutoka mbele, kila kitu kimelala bapa. Katika fani yetu mwanga hutoka juu kushoto. Jicho la msomaji limezoea hivyo. Ukiutoa chini, kitundu kinageuka kuwa uvimbe. Jaribu mwenyewe: chukua picha ya taya iliyopigwa kwa mwanga wa juu kushoto, igeuze juu chini, uone vitundu vya meno vinavyotuna kama vipele. Kama rangi za madoa zinaficha umbo la mfupa, omba ruhusa ya mhifadhi uipake sampuli ukungu wa kloridi ya amonia. Unga wake hupashwa moto kwenye kibomba cha kioo, moshi mweupe unatua juu ya mfupa kama vumbi la chaki, na ile mifereji myembamba uliyoiona kwa hadubini inajitokeza yenyewe. Fanya hivyo siku kavu na mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu unyevunyevu huuharibu ukungu huo haraka. Usiguse sampuli dhaifu au yenye nyufa kwa njia hii.

Weka mstari wa kipimo ndani ya kila picha. Usiandike "imekuzwa mara mbili", kwa sababu picha itapunguzwa ikiingia ukurasani na maneno yako yatakuwa ya uongo. Panga picha katika upana uleule zitakaochapwa nao, kisha zisome kwa umbali wa mkono: herufi zinazokulazimisha kukodoa macho ni ndogo mno. Pikseli 300 kwa inchi ni kiwango cha kawaida kwa picha, na michoro ya mistari huhitaji zaidi. Kando ya picha ya upande wa nje weka mchoro wa mistari unaoonesha wapi mfupa unaishia na wapi mwamba unaanza.

Mahali pa kuokota: eleza tabaka, umri wa mwamba na jinsi umri huo ulivyojulikana. Vipimo kamili vya eneo viache kwenye rekodi za makumbusho, ili watafiti wavipate kwa kuomba na wachimbaji wa kuuza wasivipate. Taja kibali cha kuchimba. Jedwali la sifa ulilotumia kuchora mti wa ukoo litumwe kama faili linalofunguka kwenye programu, maana picha ya jedwali haimsaidii mtu kurudia hesabu zako. Marejeleo fuata maagizo ya jarida, nukta kwa nukta. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, iandike mwisho kabisa.

Na barua ya kwenda kwa mhariri iwe fupi: umepata nini, kwa nini wasomaji wa jarida lake wanakihitaji, sampuli ipo wapi. Aya tatu zinatosha.

SWALI: Mwalimu, naruhusiwa kuipa jenasi yangu mpya jina la Kiswahili? Msimamizi wangu anasema lazima liwe Kilatini au Kigiriki.

JIBU: Msimamizi wako anaheshimu mapokeo, lakini kanuni hazimlazimishi mtu. Jina linaweza kutoka lugha yoyote, alimradi liandikwe kwa herufi za Kilatini na litumike kama neno moja. Asilisaurus kongwe, mtambaazi wa kale ndugu wa dinosaria, alitangazwa mwaka 2010. Simbakubwa kutokaafrika, mnyama mkubwa mla nyama ambaye mifupa yake ilikuwa imekaa kwenye droo ya makumbusho, alitoka mwaka 2019 katika Journal of Vertebrate Paleontology. Mwaka huohuo akatangazwa dinosaria Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyeitwa hivyo kwa sababu pingili yake ya mkia ina umbo la moyo. Sikuficha furaha nilipolisoma hilo. Andika wazi asili ya jina na maana yake. Ukimuenzi mtu kwa jina la spishi, mwanamume hupata kiishio -i na mwanamke -ae.

Hofu yangu ni nyingine: umehakikisha jina hilo halijachukuliwa? Tafuta katika wanyama wote, wadudu wakiwemo. Mwaka 1969 dinosaria mmoja aliitwa Syntarsus, kumbe mbawakawa alikuwa ameshapewa jina hilo mwaka 1869. Ilipofika 2001, wataalamu wa wadudu ndio waliompa dinosaria huyo jina jipya, Megapnosaurus.

Kama jarida lako hutoka mtandaoni tu, sajili makala kwenye ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla haijachapishwa, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe. Mwaka 2009 Darwinius masillae, kisukuku cha mnyama wa jamii ya nyani, alipotangazwa mtandaoni, kanuni hazikuwa zinatambua uchapishaji wa aina hiyo, ikabidi zichapwe nakala za karatasi ili jina lihesabike. Mabadiliko ya mwaka 2012 yameruhusu uchapishaji wa mtandaoni, ila kwa sharti hilo la usajili.

SWALI: Kuna mtu ana fuvu zuri sana nyumbani kwake. Ameniruhusu kulipima, kulipiga picha na hata kulipitisha kwenye skani ya CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka), lakini hataki kulitoa. Je, nikichapisha pamoja na skani yote si itatosha?

JIBU: Haitatosha. Majarida mengi ya fani hii, likiwemo Journal of Vertebrate Paleontology, yanataka sampuli iwe katika mkusanyiko wa kudumu ulio wazi kwa watafiti, na skani haichukui nafasi ya mfupa. Skani haikuoneshi rangi ya enameli, lile gamba gumu la jino, haikupi unga wa kupima kemia, na si kila mara inaweza kukuambia kama pua ya fuvu ilibandikwa kwa gundi kutoka kwa mnyama mwingine, hasa pale waliolitengeneza walipojaza mshono kwa unga wa mwamba uleule. Nimeona fuvu la namna hiyo kwa macho yangu.

Zungumza naye tena, bila haraka. Mwulize pia lilitoka wapi na kwa kibali gani, kwa sababu jibu la swali hilo linaweza kumaliza mazungumzo kabla hamjafika kwenye makumbusho. Kama karatasi zake ni safi, mweleze kwamba jina lake linaweza kukaa kwenye lebo ya sampuli na kwenye shukrani za makala. Wapo waliokubali kwa hilo tu. Akikataa, rudisha fuvu na skani ibaki kwenye kompyuta yako.