Usisubiri mfike nchi kavu, tamka "Protest" palepale

Usithubutu kusubiri nchi kavu! Umesema Jumamosi una mbio za mashua za tanga, kuna jamaa anakuziba kila boya na unataka kumlalamikia rasmi (ndiyo kuprotesti), na mkongwe mmoja kakushauri usipige kelele majini, ukishuka ujaze fomu ya malalamiko ndani ya masaa mawili inatosha. Ushauri huohuo nilipewa mimi, na mtu mwenye miaka kibao kwenye mashua za tanga, ukanila msimu mzima.

Ilikuwa mbio ya mwisho ya mfululizo, mashua 14. Napanda joshini, upepo unaniingia kulia, kwa hiyo sheria ya 10 ya mbio iko upande wangu (mwenye upepo wa kulia hupishwa), jamaa anakuja na upepo wa kushoto anataka kunikatiza mbele. Hakuwa na nafasi. Nikavuta usukani kwa nguvu, omo yangu ikapita nyuma yake karibu kiasi kwamba niliona skrubu za usukani wake zimeota kutu. Nikapiga kelele "Kuliaaa!" mpaka mashua ya tatu isiyohusika ikapisha. Lakini neno "Protest" sikulitamka, na bendera nyekundu ya kuonyesha unaprotesti ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya makoti ya kuokolea, nikasema ngoja tuzunguke boya kwanza. Tumezunguka, tumekaa sawa, ndo nikaitoa.

Kwenye kikao cha kusikiliza protesti hata hawakuuliza nani alikuwa kulia. Swali la kwanza, ulimwambia saa ngapi kwamba unaprotesti? La pili, bendera ulionyesha lini? Nikajibu ukweli, tukatolewa nje, tukarudishwa, tukaambiwa protesti si halali, shauri limefungwa. Mchoro wa tukio nimeshika mkononi, shahidi wangu yuko nje kwenye benchi, hakuna aliyemwita. Jamaa alimaliza wa pili, pointi 2, mimi wa tano, na kwenye jumla akanishinda kwa pointi 2 (mwenye pointi chache ndiye mshindi). Angeenguliwa angebeba 15 na kombe lingekuwa langu, maana mfululizo ule haukuwa na kufuta matokeo mabaya.

Huyo aliyenipotosha mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Masaa mawili ni ya KARATASI, tena yanahesabiwa toka mashua ya mwisho imalize, na maelekezo ya mashindano yanaweza kuweka muda mwingine kabisa. Neno na bendera vina muda wake, fursa ya kwanza inayowezekana, sio baada ya boya, sio baada ya kukunja tanga. Mtu hajafungua kitabu halafu anamwambia mgeni eti sisi waungwana hatupigi kelele majini. Uungwana gani huo? Ukimwambia palepale unampa nafasi ya kujisafisha, azunguke mara mbili aendelee na mbio yake. Ukinyamaza ukamvizia na fomu umemnyima hiyo nafasi.

Kwa hiyo likitokea tu, kabla hujabishana, kabla hujamwangalia hata usoni, sema "Protest", neno hilohilo, usiseme "we vipi" wala "tutaonana", halafu bendera juu na ibaki juu mpaka umalize mbio. Kitabu cha sheria za mbio za tanga, toleo la 2025–2028, kimeiweka sheria hii kwenye 60.2, zamani ilikuwa 61.1, ukiambiwa namba ya zamani usichanganyikiwe. Kama kuna mtu kaumia au uharibifu ni mkubwa na unaonekana wazi hapohapo, neno na bendera havikubani, ila bado ujitahidi kumjulisha ndani ya muda wa kupeleka protesti. Mkwaruzo wa rangi usiuhesabu huko.

Bendera yangu sasa naikunja naifunga kwa mpira kwenye kamba ya nyuma ya mlingoti, navuta mara moja inafunguka, na kabla hatujatoka namwambia kijana wangu aijaribu kwa mkono mmoja.

Ile sheria ya mduara wa urefu wa mashua tatu kuzunguka boya, inaangaliwa pale wa kwanza anapoingia kwenye huo mduara, kama mlikuwa mmelingana ubavu, aliye upande wa ndani anapewa nafasi, soma sheria ya 18 yote kwa utulivu maana ina vipengele vyake. Mchoro utauchora tu, huo sio wa kukunyima usingizi.

Mashua yako ina urefu gani kwanza? Chini ya mita 6 bendera hailazimiki, neno linatosha. Kama inafika 6 basi kaitafute hiyo bendera leo, usingoje Ijumaa usiku.