Kuigeuza nyumba ya Upanga ya 1960 kuwa ya mtindo wa pwani

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tumerithi nyumba ya wazazi wake iliyoko Upanga, Dar es Salaam. Karatasi zinaonyesha ilijengwa 1960. Haina ghorofa. Kuta ni za tofali za inchi 6, paa ni la asbesto lenye mteremko mdogo na upenu mpana, madirisha ni ya nako (vipande vya vioo vinavyofunguka kwa kupinduka pamoja) mbele na nyuma, na korido ina ukuta wa matofali ya matundu. Ukoo wa mume wangu ni wa Unguja, nasi tungependa nyumba ifanane na zile za Mji Mkongwe: matao, mlango wa nakshi, baraza, na ukuta mweupe uliopanda hadi kuficha paa. Fundi wetu anasema kazi ni nyepesi: atakata upenu, atapandisha ukuta mita moja kuficha paa, ataezeka mabati, ataziba matundu, kisha atapunguza madirisha na kuyatia matao. Je, inawezekana? Na tuanzie wapi?

JIBU

Dada yangu, nyumba yenu inaweza kupata sura ya pwani, tena nzuri, ila msiifuate njia ya fundi. Karibu kila alichokitaja kinaondoa kitu ambacho ndicho kinachoipoza nyumba hiyo. Mkifanya hivyo mtahamia ndani ya nyumba nzuri pichani ambayo haikaliki mwezi wa pili bila kiyoyozi kuwaka usiku kucha.

Tazameni kwanza nyumba za Mji Mkongwe zinavyofanya kazi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kama nusu mita. Vyumba ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki zaidi ya hapo. Katikati kuna ua ulio wazi unaotoa hewa moto juu. Watu wengi husifu unene wa kuta tu, wakasahau vichochoro. Nyumba zile zimebanana, na njia kati yake ni nyembamba kiasi kwamba jua huugusa ukuta wa nje kwa muda mfupi tu wa siku. Kila nyumba inamtilia mwenzake kivuli.

Nyumba yenu haina mwenzake. Imesimama peke yake katikati ya kiwanja, kuta zake zina sentimita 15 tu, na joto likishaingia ukutani halichukui muda kufika ndani. Aliyeibuni alilijua hilo, ndiyo maana akaipa upenu mpana. Upenu huo ndiyo jirani yake. Wabunifu wa Dar es Salaam wa kizazi kile, kama Anthony Almeida aliyeanza kazi jijini miaka ya 1950, walilipigia hesabu jua na upepo kabla ya kuchora ukuta. Beda Amuli naye, alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970, alitandaza miavuli ya zege inayotia kivuli, inayoacha hewa ipite, na inayokusanya maji ya mvua. Nalisema hili kwa sababu naona nyumba za miaka ile zikibomolewa kila mwaka na watu wanaodhani ni za kizamani tu.

Nikupe hesabu yenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, limeinuka kama nyuzi 60. Desemba linakuwa upande wa kusini, limeinuka kama nyuzi 73. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5, likiwa na upenu unaoanzia juu yake tu, linahitaji upenu wa sentimita 87 hivi ili jua la mchana wa Juni lisiguse kioo. La kusini linahitaji sentimita 45. Pimeni upenu wenu. Sitashangaa mkikuta ni mita moja au karibu na hapo. Mashariki na magharibi ni habari nyingine, maana jua la asubuhi na la alasiri huja limelala, na upenu hausaidii sana. Huko panatakiwa veranda, mti, au ukuta wa matundu.

Upenu pia ni mlinzi wa mvua. Mvua ya masika ikija na upepo, ukuta usio na upenu hulowa wote, na plasta yenye ufa mdogo tu hupitisha maji mpaka ndani.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Nyumba yenu ina madirisha mbele na nyuma, na matundu ya korido, ili upepo uingie huku utokee kule. Vioo vya nako hufunguka karibu nafasi yote ya dirisha. Dirisha la kuteleza la alumini hufunguka nusu tu. Kwa hiyo fundi akiyapunguza madirisha na kuziba matundu, atakuwa ameuzuia upepo kwa mikono miwili. Vipande vya nako vilivyovunjika badilisheni, wekeni nyavu mpya za mbu, na fremu zikiwa zimeoza tengenezeni za mbao kwa mpangilio uleule.

Sasa paa. Ukuta wa kuficha paa unapendeza, ila mita moja ya kimo kwa tofali za inchi 6 ni zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya urefu, kabla ya plasta. Mzigo huo unakwenda kwenye lenta (boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha) na msingi ambavyo mwaka 1960 havikupigiwa hesabu hiyo. Tena maji ya paa lililofichwa hayadondoki nje, yanaelekea kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta. Chukulia paa la mita za mraba 180 na mvua kubwa ya milimita 100 kwa saa: hiyo ni lita 5 kila sekunde zinazotafuta bomba. Majani ya mwembe yakiziba bomba moja, maji hayana pa kwenda ila kwenye dari yenu. Nimeitwa mara nyingi kutazama nyumba mpya kabisa zenye paa la namna hiyo, na mara nyingi dari imeshaoza kwenye pembe ileile ya bomba. Mtu akishikilia paa la kuficha, huwa namtaka aweke mabomba mawili kila upande na tundu la dharura linalomwaga maji nje ukutani. Kwenu nyinyi nasema liacheni.

Kabla ya urembo wowote, mwiteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa akague zege. Kwa nyumba ya miaka 60 na zaidi, iliyo karibu na bahari, hapa hapana mjadala. Zege la wakati ule mara nyingi lilifunika nondo kidogo mno. Hewa na chumvi vikizifikia, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndipo zege hupasuka na kubanduka. Hata nyinyi mnaweza kuanza: gongeni lenta, nguzo na ukingo wa zege juu ya madirisha kwa nyundo ndogo. Panapotoa mlio wa kitu chenye utupu ndani, zege limeshaachana na nondo. Mhandisi atavunja kipande kidogo na kunyunyiza dawa iitwayo fenolifthalini. Zege ambalo halijachoshwa na hewa hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, na lililochoka hubaki na rangi yake. Palipoharibika hupaswi kupaka plasta juu. Zege bovu huondolewa mpaka nyuma ya nondo, nondo husuguliwa au huongezwa, ndipo hujazwa upya.

Asbesto naomba muichukulie kwa uzito mkubwa kuliko yote niliyoandika. Vigae vikiwa vizima na havisumbuliwi, hatari yake ni ndogo. Hatari huja vinapokatwa kwa mashine, kutobolewa au kutupwa chini vikavunjika, kwa sababu vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na saratani inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Fundi anayetaka kukata upenu kwa grenda atawamwagia vumbi hilo nyinyi, watoto wenu na majirani, naye mwenyewe kwanza. Kazi ya kuondoa asbesto hufanywa na watu wenye vifaa: vigae hulowanishwa, hufunguliwa kimoja kimoja bila kuvunjwa, hufungwa kwenye nailoni nzito, na hupelekwa mahali palipoidhinishwa. Huhesabiwa kuwa taka hatarishi, kwa hiyo ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu kabla ya kugusa hata kigae kimoja. Msivigawe wala kuviuza, maana vitaishia kuwa paa la banda la mtu mwingine.

Paa jipya liwe na upenu uleule au mpana zaidi. Mabati yawe ya rangi nyeupe au inayokaribia nyeupe, chini yake pawe na karatasi ya kurudisha joto yenye nafasi ya hewa, na acheni matundu ya kutolea hewa moto kati ya paa na dari. Mabati matupu juu ya jipsamu ni tanuri.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye sura, na hapa nafurahi, kwa sababu pwani ina mambo mengi yanayokubaliana na nyumba yenu.

Ushauri wangu mkuu ni huu: msiigeuze nyumba nzima, ijengeeni daka jipya mbele. Daka ni ile sehemu ya kuingilia yenye kivuli na baraza mbili za kukalia kabla ya mlango. Lijengeni likiwa na kina cha mita mbili na nusu, lenye msingi wake, kuta zake nene za safu mbili za tofali zinazofika sentimita 40, na paa lake dogo la zege. Hapo ndipo mtaweka matao ya kweli, ndipo ukuta utapanda kuficha paa, na ndipo patakaa mlango wa nakshi. Kati ya daka na nyumba ya zamani acheni mwanya wa sentimita 2 uliojazwa kitu laini na kufunikwa vizuri, kwa sababu misingi miwili ya umri tofauti haitulii kwa kiasi kimoja, na mkiiunganisha mtapata ufa unaorudi kila mwaka. Na kama mbele ya nyumba ni magharibi, daka hilo litakuwa limewakinga na jua la alasiri pia.

Matao kwenye kuta za zamani msiyakate. Tao husukuma pembeni, na ukuta wa sentimita 15 ukikatwa karibu na kona hauna cha kulishikilia. Mafundi wengine hulijaza tao chini ya lenta iliyopo. Hilo ni salama kwa jengo, lakini pigeni hesabu ya nafasi ya kichwa cha anayepita: mlango wa sentimita 90 ukipewa nusu duara, tao linaanza sentimita 45 chini ya lenta. Lenta ikiwa mita 2.1, tao linaanzia mita 1.65. Watu wazima wengi watagonga pembeni.

Ukuta wa matundu usafisheni na muubakishe. Kazi yake ni ileile ya viambaza vya mbao zilizopishanishwa kwenye roshani za Unguja: hupitisha upepo, huvunja jua, na humficha aliye ndani. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, msivichimbe kwenye ukuta wa inchi 6. Jengeni safu ya pili ya tofali nyembamba ndani ya sebule, kwenye ukuta mmoja usio na dirisha, na mvipange humo. Kwa nje, plasta ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita hufaa kuliko ya saruji tupu, maana haipasuki kirahisi. Mchanga usiwe wa pwani. Rangi ya chokaa ipakwe nyepesi, mikono mitatu au minne, juu ya ukuta uliolowanishwa.

Mlango agizeni mpya kwa mchongaji, wa mninga au msaji. Wa zamani uliong'olewa mahali huwa umeacha pengo kwenye nyumba ya mtu, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Chagueni kati ya ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ule wa Kihindi wenye tao juu. Kwa daka la matao mimi ningeweka wa kunyooka, ili nakshi za yungiyungi na mnyororo zisomeke peke yake bila kushindana. Mlango kama huo ni mzito sana, hivyo mwambieni fundi amimine nguzo mbili za zege pande zote za nafasi ya mlango, na kila mguu wa fremu ufungwe kwa bolti nne. Vipimo vya fremu vitoke kwa mchongaji kabla ya nguzo kumwagwa.

Kuhusu mpangilio: kwanza ukaguzi wa mhandisi, na michoro ya mbunifu majengo aliyesajiliwa pamoja na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, kwa sababu daka ni jengo jipya hata kama ni dogo. Kisha asbesto na paa, wakati wa kiangazi. Kisha matengenezo ya zege, ndipo daka, plasta na chokaa. Mchongaji mpeni kazi mapema, mara tu michoro itakapokamilika, kwa kuwa nakshi nzuri huchukua miezi. Mlango uingie mwisho kabisa, baada ya vumbi na saruji kuisha.