Anti, huyu mtoto ananivurugia darasa na mama yake wala hana habari

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mwalimu wa la pili huku Mbagala, nina mtoto mmoja wa kiume yaani nikigeukia ubao tu kashaingia chini ya dawati, anavunja penseli za wenzake, wakati wa kusoma ndo anapiga miluzi, kila siku ni hivyo. Barua nimetuma weee mzazi haji, nikampigia mama yake akasema "mwalimu mchape tu, huko ni mwanao" akakata simu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Fimbo tuiweke kando kwanza, kanuni zetu za Tanzania zinamruhusu kuchapa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, viboko visizidi vinne na viandikwe kitabuni, sasa we mtandike kisa mama kasema, siku mkono ukivimba mama huyo huyo ndo atakupeleka polisi.

Mi kilichonishtua ni hiyo miluzi wakati wa kusoma. Mtoto ambaye hajashika silabi ataanzisha fujo kabla zamu yake haijafika, kwake kutolewa nje ni afadhali kuliko darasa zima limcheke. Mchukue peke yake mapumziko, mpe ba be bi bo bu uone anakwama wapi, we sikiliza tu usimkemee. Halafu simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini, asipogeuka huenda ni masikio, na akisoma ubao huku kakunja macho nayo ni ya kwenda kupimwa. Muulize pia asubuhi kala nini.

Darasani mkalishe mbele karibu na wewe, awe ndo mgawaji wa madaftari, akitulia hata dakika tano mwambie hapo hapo umeona. Miluzi ipotezee, ila penseli hapana, akivunja ya mwenzake anampa yake.

Sasa mzazi. Elimu bila malipo ilianza 2016 lakini barua ya shule ikifika nyumbani watu wanajua ni mchango au kesi, ndo maana wanakukimbia, na kama mama anawahi samaki sokoni Feri alfajiri hicho kikao chako cha saa nne atakijia saa ngapi? Mtumie voisi WhatsApp jioni umwambie leo mwanao kagawa madaftari bila ugomvi, basi, za fujo siku hiyo usizitaje kabisa. Akishazoea sauti yako muulize jioni mtoto anabaki na nani, utashangaa utatajiwa bibi au dada yake wa la saba, huyo ndo mlezi wako, ongea naye yeye. Ikigoma kabisa mwombe mkuu aongee na mwenyekiti wa mtaa, hao wanajuana.

Ila ukimwona na alama mwilini, au anashinda na njaa siku hadi siku, hapo usisubiri voisi wala kikao, mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.