Msumeno wa betri kwenye kupogoa: wepesi wake ndio wa kuangalia

Kwa kupogoa matawi, msumeno wa petroli nimewaachia wanaoangusha miti mikubwa. Wa betri ni mwepesi, hauvutwi kamba, hauna moshi wala kabureta ya kuziba. Tawi la unene wa kifundo cha mkono unalimaliza bila jasho.

Ukienda kununua, usidanganywe na volti peke yake. Zidisha volti kwa ampea-saa ndipo ujue betri imebeba nishati kiasi gani. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72, sawasawa na ya volti 36 yenye ampea-saa 2. Kwa matawi yasiyozidi sentimita 10, bamba (chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo wa meno) la sentimita 15 linatosha, na bega lako litashukuru. Kama tayari una drili ya betri, tafuta msumeno unaotumia betri hiyohiyo.

Sasa niseme linalonikera. Msumeno wa mkono hukuchosha, na katika kuchoka unapata muda wa kufikiri. Huu wa betri unamaliza tawi kabla hujaamua kama lilistahili kukatwa. Ndiyo maana mimi huuzunguka mti kwanza na kutia alama, betri ikiwa imetolewa, na kwa msimu mmoja siondoi zaidi ya robo ya matawi yenye majani.

Tawi zito likate mara tatu. Anzia upande wa chini wa tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingize msumeno theluthi ya unene wake tu. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato ule, mbali zaidi na shina; tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Hapo sasa rudi kwenye kisiki kilichobaki. Tazama panapoungana na shina: kuna uvimbe wenye mikunjo, shingo ya tawi. Kata nje yake tu. Usiile shingo, na usiache kigingi kirefu.

Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi akaonyesha kwamba kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi. Mti hujenga kuta kulizingira eneo lililoharibika, kisha huota mbao mpya kulifunika. Ukikata shingo umebomoa ukuta huo. Rangi unayopaka juu ya kidonda haisaidii kuzuia kuoza.

Na usalama? Msumeno usionguruma hufanya watu wasahau kwamba mnyororo ni uleule. Ncha ya bamba ikigusa tawi jingine, msumeno unaweza kurushwa usoni kwako. Vaa miwani ya kukinga macho, usikate ukiwa juu ya ngazi, na toa betri kila unapogusa mnyororo, hata kama ni kuondoa jani lililokwama.

Oili ya mnyororo inahitajika bado. Wengi hudhani betri imeiondoa. Ukiona unatoka unga laini badala ya vipande vya mbao, meno yamekwisha makali, yanoe. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe kwanza ndipo uichaji, na kama hutaitumia kwa miezi, ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu pasipo na jua.