Re: Fonetiki mwaka wa kwanza inanitisha, nianzie wapi?

Hongera kwanza kwa kuingia chuo. Umeuliza mbona Kiingereza ulikua unafaulu vizuri tu sekondari afu fonetiki, yani somo la sauti za lugha, inakugaragaza, ni kwamba hii kozi haikufundishi kuongea Kiingereza, inakufundisha kukichunguza, na wengi hatuambiwi mapema.

Anza kwa kusahau spelingi. Kiswahili kina irabu 5 na herufi 5 za kuziandika, basi, ila Kiingereza cha Uingereza huwa wanahesabu irabu kama 20 na herufi ni zilezile, ndo maana ship na sheep zinatusumbua. Hata ile k ya knight zamani ilitamkwa kweli, mchapaji mmoja, Caxton, akaleta mtambo wa kuchapa Uingereza 1476, spelingi ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika.

Sasa fonimu (sauti inayoweza kubadilisha maana ya neno) na alofoni (namna tofauti za kutamka fonimu hiyohiyo), hapa kaa sana. Weka kiganja mbele ya mdomo useme pin afu spin, ya kwanza utasikia pumzi, ya pili hamna, ila kwa Mwingereza hiyo ni p moja tu. Nenda Mombasa ukawasikilize wazee, paa la nyumba halina pumzi, paa mnyama anayo, yani pumzi tu inabadilisha maana ya neno! Mi hapo ndo fonolojia (jinsi lugha inavyozitumia sauti zake) ilinifungukia na nikaanza kuipenda kweli.

Chati ya IPA, yani alama za kimataifa za kuandika matamshi, usikariri yote kwa mkupuo, kila siku andika maneno kama kumi kwa alama hizo, unavyoyatamka wewe mwenyewe. Miti ya sintaksia (michoro ya muundo wa sentensi) iache kwanza, itafika.